Maiki Hutundikwa Msumarini

Saa moja asubuhi inakaribia, na Ezelta Laronde anageuza mkate wa muhogo kwa kibao juu ya bamba la chuma. Jicho moja liko kwenye moto, jingine liko kwenye msumari.

Msumari huo umepigwa ukutani, kimo cha kifua, kando ya redio kuukuu iliyojaa rafu nzima. Juu yake imetundikwa maiki nyeusi ya mkononi yenye waya wa kujikunja. Kila anayeingia katika banda hili la mikate, awe mteja au jirani aliyekuja kupiga soga, huambiwa neno moja kabla hata ya kukaribishwa.

"Usiiguse hiyo. Na ukishaigusa, irudishe msumarini. Si mezani, si kitini. Msumarini!"

Anayefoka hivyo si Ezelta. Ni dada yake mkubwa, Philomise, aliyekaa mkabala na ukuta huo, gongo lake limelala mapajani. Mguu wake wa kushoto unaishia juu ya goti.

"Hiyo ndiyo kazi yangu hapa," anasema. "Mdogo wangu anaoka, mimi nalinda msumari. Mshahara wangu ni mkate wa moto na maneno machafu."

"Maneno machafu unakuja nayo mwenyewe kutoka kitandani," Ezelta anamjibu bila kugeuka. "Mimi natoa mkate tu."

Ezelta ana miaka arobaini na moja. Anaoka na kuuza mikate kando ya barabara ya Ravin Sik, upande wa upepo wa kisiwa cha Dominika, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Mkate mmoja ni dola tano za huku, na siku mvua inapoifunga barabara, mikate hiyo huliwa na wao wenyewe.

Akimaliza kuoka, au hata kabla hajamaliza, hukaa mbele ya redio. Ni mmoja wa watu wa redio ya ridhaa, wale wasiolipwa na yeyote, wanaozungumza hewani kutoka vibandani na sebuleni mwao, kila mmoja na leseni yake na jina lake la hewani la herufi na namba. Kwa wengi ni burudani ya wastaafu wenye nafasi. Ukimuuliza Ezelta aliianzaje, usitarajie hadithi tamu.

"Wengine huanza kwa sababu wanaipenda," anasema. "Mimi nilianza kwa sababu niliichukia. Niliichukia mpaka nikataka kuijua ndani nje, kama unavyotaka kumjua mtu aliyekuibia."

Kilichoibwa ni mguu wa dada yake.

Mwaka ule wa kimbunga kikubwa, upepo ulipotulia asubuhi, Ravin Sik haikuwa na barabara, umeme wala simu. Ukuta wa nyumba ya Philomise ulikuwa umemlalia mguuni. Mjomba wao, Gasper, ndiye aliyekuwa mtu pekee kijijini mwenye redio, hii hii iliyopo bandani leo, na betri moja ya gari iliyobaki na nguvu kidogo.

Kisiwa kizima kilikuwa kimebakiwa na njia moja tu ya hewani. Anayetaka boti, anayetaka helikopta, anayetaka daktari, wote walipaswa kupita hapo, kwa zamu, kwa maneno machache. Gasper alifungua redio ili aombe msaada. Akakuta njia imezibwa.

Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amekalia maiki yake. Kitufe kilibanwa chini ya makalio, mtambo ukawa unasema badala ya kusikiliza. Ubaya wa kosa hilo ni kwamba anayelifanya hasikii kitu. Wenzake wote wanamsikia yeye, lakini hakuna anayeweza kumwambia inuka.

"Tulimsikia akiomba biskuti," anakumbuka Gasper, ambaye sasa ana miaka themanini na masikio yanayofanya kazi kwa msaada wa visikizi tu. "Mimi namshika huyu mkono, analia, na ndani ya redio mtu anasema, 'Vernice, hebu lete zile biskuti za chumvi.' Kisha anaanza kulalamikia gari lake. Kioo cha mbele kimepasuka, masikini."

Maiki ilikaliwa hadi jua likapinda. Wakati mtu mmoja kule mjini alipofaulu kuruka miti iliyoanguka na kwenda kugonga mlango wa mwenye maiki, betri ya Gasper ilikuwa imekata roho. Boti iliwafikia siku ya tatu. Madaktari waliutazama mguu wa Philomise, wakatazamana wao kwa wao, na hawakupoteza muda kuubembeleza.

Chama cha watu wa redio kilifanya kikao baada ya hapo. Kikao kilisema chanzo cha kuzibwa kwa njia hakikujulikana.

Hakikujulikana! Kisiwani kote kuna Vernice mmoja mwenye mume aliye na redio yenye nguvu kiasi kile. Mume huyo ni Hesketh Royer, wakala wa bima mstaafu, mwenyekiti wa chama wakati ule na mwenyekiti wa chama hadi leo. Sauti yake ndiyo inayosikika kila siku saa moja asubuhi ikiita majina ya vituo. Kila aliyekuwa hewani siku ile aliitambua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja alikuwa amesaidiwa naye kupata leseni, mwingine alikuwa na antena iliyojengwa kwa bati alilopewa naye, mwingine alidai si vizuri kumwaibisha mtu mzima. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, na hakuna sababu hata moja iliyofaa kitu.

Mwandishi wa makala haya alimpigia simu Royer mara mbili. Mara ya kwanza alisema hana la kuongeza kwenye taarifa ya kikao. Mara ya pili alipokea mkewe, akasema bwana yuko bustanini.

*

Ezelta alimwendea mjomba wake na kumwambia anataka kujifunza.

"Kwa nini?"

"Ili siku nyingine niwe mimi ninayepiga kelele, si wewe. Wewe una adabu kupita kiasi, mjomba."

"Sawa. Lakini miezi mitatu usiguse hicho kitufe."

"Miezi mitatu nifanye nini sasa?"

"Usikilize. Kazi ya redio nusu nzima ni kusikiliza. Hilo ndilo lililomshinda yule."

Akasikiliza. Alihamishia redio bandani, akafunga waya wa antena kutoka kwenye mshelisheli mpaka kwenye nguzo ya tangi la maji, akauvuta na kuulegeza hadi sauti zikaanza kuingia safi. Alikuna muhogo huku akisikiliza wavuvi wa Sent Lusia wakitaniana, mapadri, walimu, mzee wa Venezuela aliyependa kueleza maumivu ya mgongo wake kwa kirefu. Aligundua kuwa mtu mstaarabu, kabla ya kusema lolote, huuliza kwanza kama njia inatumika, kisha anangoja.

"Nilitaka kuwachukia wote," anasema. "Ikashindikana. Walikuwa watu wazuri mno. Hilo lilinikera kweli."

Mtihani wa leseni alianguka mara ya kwanza. Hasemi ni kwa sababu ya maswali kuwa magumu au msimamizi kumwonea. Hakuwa amesoma vya kutosha, basi. Alibandika majedwali ya kujifunzia juu ya pipa la unga, akarudi mara ya pili, akafaulu, na mwezi wa pili mwaka huu leseni ikatoka.

Mtu wa kwanza kumjibu alikuwa tarishi mstaafu wa Mari-Galanti, kisiwa cha pili kutoka hapa, mzee Wilfrid, anayesema Krioli ileile ya Ezelta ila yenye madoido ya Kifaransa.

"Nasikia moto hapo kwako," mzee akamwambia. "Unapika nini, mama?"

"Mkate wa muhogo."

"Ala! Na mimi ninao mkononi sasa hivi. Nauchovya kwenye chai ya kakao."

"Hivyo ndivyo unavyoliwa. Angalia usidondoshee redio."

Wiki chache baadaye ikaja kadi yake ya posta ya kuthibitisha mazungumzo, desturi ya watu wa redio ulimwenguni kote. Imebandikwa juu ya jiko, imeshika unga na moshi, na Ezelta haruhusu mtu kuipangusa. Anakiri, kwa sauti ya mtu anayekubali deni, kwamba siku hiyo alilala akicheka.

Lakini redio ya Gasper imezeeka. Kupokea inapokea vizuri. Kusema inasema inapopenda, na unyevu ukizidi haipendi. Betri inaimaliza kama mgeni asiyejua kuaga. Kijiji hakiwezi kuitegemea siku ya kimbunga, na msimu unaanza Juni.

Dawa yake ipo. Iko mjini, ndani ya sanduku, kwenye stoo ya chama: redio mpya, betri yake na paneli ya jua, msaada uliotolewa kwa ajili ya vijiji vinavyofungiwa na barabara. Sharti ni moja, kijiji kiwe na mtu mwenye leseni. Ravin Sik sasa wanaye. Royer mwenyewe alikuwa amesema sanduku litatolewa baada ya zoezi la mwaka la kujiandaa na msimu.

Kwenye zoezi hilo, Ezelta akafanya balaa.

Katika zoezi, wote hukaa kimya hadi waitwe, kama ingekuwa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wateja wanangoja barabarani, mikate inatoka moto mfululizo. Ezelta aliitwa, akajibu vizuri, akaweka maiki mezani. Kisha akaepua mkate, akauweka mezani pia. Juu yake akaweka mwingine. Juu ya huo mwingine, wa tatu.

Kitufe kikabanwa, taa nyekundu ya redio ikawaka, naye alikuwa ameipa mgongo. Alikuwa anazungumza na Philomise, na walikuwa wanamzungumza Hesketh Royer.

"Msikie anavyoita majina," alisema Ezelta. "'Endelea, kituo. Asante, kituo.' Kama si yeye aliyetuwekea makalio kwenye njia siku ile!"

"Makalio na biskuti," akasema Philomise.

"Mtu mzima anazeeka na uongo mdomoni. Angesema tu, 'Ni mimi, nisameheni.' Maneno matatu! Ningempelekea mkate mlangoni kwake kila Jumapili."

"Mpelekee na mguu mmoja, nitakupa huu uliobaki."

Kisiwa kizima kilikuwa kinasikiliza. Robo saa hivi zoezi lilisimama, na hakuna aliyeweza kuwaambia.

Hakuna mtu aliyewahi kumwona Gasper akikimbia tangu enzi za ujana wake. Siku hiyo alipanda kilima kutoka nyumbani kwake, kiredio chake cha kusikilizia kikiruka kifuani, visikizi vikiwa vimeninginia shingoni, fimbo hewani.

"Toa mkate!" alikuwa anapiga kelele. "Ezelta! Toa mkate juu ya maiki! Toa mkate, mwanangu, umetuua!"

Ezelta aligeuka, akaiona taa nyekundu. Akaiinua mikate yote mitatu kwa mpigo. Hakuogopa kwamba Royer amesikia matusi. Aliogopa alipowaza ingekuwaje kama lisingekuwa zoezi, na kama kule ng'ambo ya mlima kungekuwa na mtu mwingine chini ya ukuta.

"Nilikuwa nimefanya kitu kilekile," anasema. Anageuza mkate ambao haukuhitaji kugeuzwa. "Kilekile kilichonifanya nimchukie. Kwa mkate wa mama yangu."

Watu wa redio wana desturi. Ukiziba njia, unarudi hewani, unataja jina lako, unasema ni mimi. Hakuna faini. Wenzako watakucheka wiki nzima, kisha yanaisha.

Kesho yake saa moja, Ezelta alirudi hewani. Alitaja jina lake la hewani taratibu, herufi kwa herufi.

"Aliyeziba njia jana ni mimi," alisema. "Niliweka mikate juu ya maiki. Ni uzembe wangu, si wa mtu mwingine. Naomba radhi. Na yale niliyoyasema sikujua yanasikika, lakini niliyasema."

Royer alimjibu kwa sauti ileile ya kila siku. "Imepokelewa, Ravin Sik. Kituo kinachofuata."

Siku nne baadaye kamati iliamua. Kwa kuwa mwendeshaji wa Ravin Sik ameonyesha uzembe uliohatarisha mawasiliano ya dharura, sanduku litabaki stoo mpaka msimu mwingine.

Isomwe tena taratibu. Mwanamke aliyeziba njia kwa robo saa katika zoezi, akakiri kwa jina lake mbele ya kisiwa kizima, ananyimwa redio kwa ajili ya kijiji chake. Uamuzi huo umetiwa saini na mtu aliyeziba njia nusu siku katika kimbunga cha kweli na hajakiri mpaka leo.

"Nilirusha kibao," Ezelta anasema. "Kiko kule kwenye migomba. Hiki ni kipya."

Philomise hakurusha kitu. Aliagiza aletewe nyundo na msumari, akaupiga mwenyewe ukutani akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na kukataa kushikwa.

Tangu ajeruhiwe hakuwahi kubonyeza kile kitufe. "Kimenila mguu hicho," alikuwa akisema kila alipokaribishwa. Alikaa, akasikiliza. Alisikiliza kila asubuhi, kwa miaka yote hiyo.

*

Saa moja kamili, sauti ya Royer inaingia bandani, imetulia, imeshiba. Inaita majina. Vituo vinajibu kimoja baada ya kingine: mjini salama, kaskazini mvua, kusini salama. Gasper amesimama mlangoni, visikizi masikioni. Ezelta anajibu kwa niaba ya Ravin Sik, anarudisha maiki msumarini.

"Kuna kituo kingine?" anauliza Royer.

Philomise ananyoosha mkono. Ezelta anamtazama, na inamchukua muda kuelewa anachoombwa.

"Una hakika, dada?"

"Lete hapa kabla sijabadili mawazo."

Sheria inamruhusu asiye na leseni kuzungumza, ikiwa mwenye leseni yuko kando yake na ametangulia kutaja jina lake. Ezelta anabonyeza, anataja jina lake la hewani, anasema yuko na mtu anayetaka kuzungumza.

"Endelea, Ravin Sik."

Philomise anaishika maiki kwa mikono miwili.

"Hesketh, habari za asubuhi. Naitwa Philomise Laronde. Ule mguu ulikuwa wangu. Nina swali moja tu, halafu nitakuacha uendelee na kazi. Siku ile ya kimbunga, nani alikalia maiki? Nasikiliza."

Anaachia kitufe.

Redio inatoa mvumo mdogo wa hewa tupu. Hakuna anayejibu. Hakuna pia anayeingilia kumwokoa, kubadili mada, kuuliza hali ya hewa.

"Hawabonyezi," ananong'ona Gasper, mkono kwenye sikio. "Wote wapo, nakwambia. Wanamwachia njia."

Ndivyo inavyotakiwa. Mtu akiitwa kwa jina, wengine wote hunyamaza hadi ajibu. Watu walewale walionyamaza miaka yote hiyo kwa woga, leo wananyamaza wakimngoja. Mkate unaanza kuungua juu ya bamba na Ezelta hausogelei.

Hatimaye mvumo unakatika. Mtu anakohoa.

"Ravin Sik," inasema sauti ya Royer, na haijashiba tena. "Kuhusu lile sanduku. Nimelifikiria upya. Naona… mnaweza kuja kulichukua. Jumamosi. Kamati haitakuwa na pingamizi."

Ezelta anajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Gasper anaketi palepale kizingitini. Redio, betri, paneli, kabla ya Juni. Ezelta anamfanyia dada yake ishara kwa mikono yote miwili: shukuru, dada, shukuru upesi, asije akabadilika.

Philomise anabonyeza.

"Sanduku tutalifuata Jumamosi, asante," anasema. "Lakini sikukuuliza sanduku. Nasikiliza."

Anaachia.

Mvumo unarudi. Unaendelea mpaka moshi wa mkate ulioungua unajaa bandani na wateja barabarani wanaanza kuita. Royer hajibu. Hafungi mwito pia, kama anavyoufunga kila siku kwa kuwatakia watu siku njema.

Ezelta anang'oa mkate ule mweusi na kuutupa nje. Anasema Jumamosi ataazima gari la binamu yao, na redio mpya itakaa hapahapa, paneli juu ya bati upande wa bahari, ukuta huu huu. Anataka kuwafundisha watu wengine wawili wa kijiji kabla ya mvua, ili siku yeye akiwa chini ya ukuta, pawepo na wa kuita.

Philomise anajiinua kwa gongo na kuitundika maiki msumarini. Anaiangalia kama imekaa sawasawa.

"Kesho saa moja namwita tena," anasema. "Na keshokutwa. Njia iko wazi, na kitufe anajua kilipo. Alikikalia nusu siku."